Shaba Isiyokuwepo

Walianza kuninyima moto kabla ya kuninyima salamu.

Asubuhi ile nilikwenda na kigae changu kwa Laurencia, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, kuomba kaa la moto. Mtaani kwetu ndivyo tulivyozoea: anayewahi kuwasha ndiye anayewagawia wengine. Viberiti vipo, na duka liko pale pale, lakini kaa kutoka jiko la jirani si la kuwashia kuni tu. Ni namna ya kusema kwamba leo pia tumeamka pamoja. Moshi ulikuwa unapenya kwenye bati la jiko lake, mweupe, mzito, wa kuni mbichi. Laurencia akasimama katikati ya mlango, kanga kaifunga kifuani, ufagio mkononi.

"Bibi Eunike," akasema, "kwangu moto umezimika."

"Umezimika? Na huo moshi?"

"Huo ni wa jana."

Moshi wa jana! Nimeona mengi mimi. Nimeona tembo akitoka msituni na kula shamba langu mstari kwa mstari kama mtu aliyealikwa. Lakini moshi unaolala jikoni usiku kucha ndipo utoke asubuhi, huo sikuwahi kuuona. Nikarudi na kigae changu kitupu, nikawasha kwa kiberiti, nikiikwaruza njiti kwa hasira mpaka tatu zikanivunjikia.

Nieleze chanzo chake, maana kila nikikumbuka damu inanichemka, na ni bora nikieleze kwa mpangilio.

Sisi tunakaa upande wa juu wa Karatu, karibu na msitu wa Ngorongoro, mahali penye ukungu na udongo mwekundu unaoshika kwenye viatu. Kikundi chetu kina mashine ya kupukuchulia mahindi. Zamani iliendeshwa na injini ya dizeli, injini ikafa, tukarudi kwenye fimbo: unajaza mahindi kwenye gunia, unafunga mdomo, unapiga mpaka viganja vinatoa malengelenge. Nguzo ya umeme ilikuwa imeshafika mpaka kwenye stoo yetu. Tulichokosa ni mota.

Sasa Eunike, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, niliyemlea tangu hajaota meno, amesoma mambo ya umeme Arusha. Siku moja aliitwa kwenye loji moja kule kilimani kutengeneza taa. Nyuma ya jiko lao akakuta mashine kubwa ya kufulia mashuka ya wageni, imetupwa, kuku wamelala juu yake. Radi ilikuwa imeunguza bodi yake. Mota ilikuwa nzima. Akaiombea kikundi, wakampa, hata wakamsaidia kuipakia. Ikaletwa kwangu, ikawekwa chumbani kwa Eunike juu ya meza, nami nikaifunika kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, maana vumbi la kiangazi linaingia hata kwenye masikio ya paka.

Mota ile si ya kuchomeka ukutani ikazunguka. Inahitaji bodi ya kuiongoza, na ya kwake ilikuwa imekufa. Eunike akaanza kutengeneza nyingine. Juu ya bodi hiyo anaweka kitu cheusi, chembamba, chenye miguu mingi kama jongoo, si kirefu kuliko kidole changu cha mwisho. Anakiita mikrokontrola. Ni kompyuta, lakini haina kioo wala vibonye. Inafanya jambo moja tu na hailisahau.

Jioni moja tukichambua mbaazi nilimwuliza inafanya nini hasa. Akachora kwa kidole kwenye vumbi la ungo.

"Bibi, huku nje kuna koili zimekaa duara. Kila koili ukiipa umeme inakuwa sumaku, ukiikatia inaacha. Hapa katikati kuna chuma chenye meno. Koili hii inavuta jino lililo karibu. Likikaribia kufika, unaikatia, unawasha inayofuata. Inavuta na yenyewe. Unakata, unawasha ya mbele."

"Na ukichelewa kukata?"

"Jino linang'ang'ania hapo hapo, au linavutwa nyuma. Kwa hiyo lazima bodi ijue kila wakati jino liko wapi. Kuna kisahani cha bati nyuma, kina matundu, na kuna kijicho kinachoyatazama yakipita."

"Ahaa," nikasema. "Ni ndama na magadi."

Akacheka. Lakini ndivyo ilivyo. Ukitaka ndama azunguke boma bila kamba, watu wanakaa duara, kila mmoja na magadi kiganjani. Wa kwanza anamwonyesha, ndama anakuja. Kabla hajafika alambe, unafumba kiganja, mwenzako wa mbele anafumbua chake. Ndama anaendelea kukimbilia ladha ambayo hapewi. Yeye mwenyewe hana kamba, hana kengele, hana magadi tumboni. Magadi yako kwa wanaomwita. Shikeni hilo, maana ndilo lililotaka kutufukuzisha mtaani.

Siku chache baadaye vifaa viwili vya ile bodi viliungua, Eunike akapanda basi kwenda Arusha kutafuta vingine. Mimi nikaenda shambani kung'oa maharage. Niliporudi nikakuta meza tupu, kitambaa changu kimetupwa kitandani. Laurencia na wenzake walikuwa wamekuja, wakaingia, wakabeba mota. Walimbishia nani hodi? Paka? Walikuwa wamechoka kusubiri, ati mtoto anachezea kompyuta tu na mahindi yanaingia fukusi. Wakaipeleka mjini kwa Piusi.

Piusi namfahamu, na sitasema kwamba ni mtu mbaya. Ni fundi wa kusuka mota. Ana banda karibu na soko, koti la kijivu, miwani iliyofungwa kwa uzi wa viatu, na mota alizozisuka zinasukuma maji na kusaga unga Karatu nzima. Mota ikiungua, anaifungua, anatoa waya wa shaba ulioungua, anasuka mpya. Ndiyo kazi yake. Basi akaifungua ya kwetu, akatazama katikati, akafunga koti lake akaja mwenyewe na pikipiki, mota imefungwa nyuma kwa mpira, imeachwa wazi kama mbuzi aliyepasuliwa.

Nilipofika stoo watu walikuwa wamejaa. Piusi alikuwa amesimama juu ya tofali la mlangoni ili wa nyuma wamwone, kashika kile chuma cha katikati kwa mikono miwili.

"Tazameni wenyewe," akasema. "Haya ni meno. Hapa kati ya jino na jino ndipo waya wa shaba unapolala. Waya uko wapi? Wamechuna! Wamechuna wote, wakaacha mifupa."

"Labda ni ile ya sumaku," mtu mmoja akasema.

Piusi akatoa bisibisi mfukoni, akaigusisha kwenye chuma, akaachia. Ikaanguka chini. "Mmeona? Haishiki. Shaba hakuna, sumaku hakuna. Nani aliyekuwa analala na mota hii?"

Wakageuka wote wakanitazama mimi, niliyesimama na tope la shamba miguuni.

"Ilikuwa kwangu," nikasema. "Mlikuja kuitoa kwangu nikiwa shambani, bila hodi. Kwa hiyo mnanijua ninapokaa."

"Usikasirike, Bibi Eunike," Laurencia akasema, na ile sauti yake ya upole ndiyo iliyonichoma zaidi. "Hatujakutaja wewe."

Hawakunitaja mimi. Walikuwa wanamsubiri mtoto.

Eunike akashuka kwenye basi la jioni, hajui lolote, akaja moja kwa moja stoo alipoona watu. Begani ana mkoba, na ndani ya mkoba, pamoja na vile vifaa vyake, kuna roli ya waya wa shaba unaong'aa, wa kutengenezea sehemu fulani ya bodi. Mwanamke mmoja akauvuta mkoba, akauona, akapiga yowe kama ameona nyoka.

"Shaba hii hapa!"

"Sasa mama," Eunike akasema, bado anafikiri ni utani, "mwizi gani anaiba shaba Karatu, anaipeleka Arusha, halafu anairudisha na basi?"

Watu hawakucheka. Akaangalia mota iliyofunguliwa, akaangalia mikono ya Piusi, akaelewa. Akaanza kueleza. Ile mota haina waya katikati, haijawahi kuwa nao, imeundwa hivyo. Shaba iko kwenye koili za nje, na zote zipo, zihesabuni. Alieleza vizuri. Hata mimi ningemwelewa kama nisingekuwa nimeshaelewa.

"Binti," Piusi akasema, na hakusema kwa ubaya, "nasuka mota tangu mama yako akiwa msichana. Mota isiyo na shaba katikati wala sumaku ni jiwe. Kompyuta haiwezi kufufua jiwe."

Hapo akasimama Yohani. Sisi tunamwita Ako Yohani, ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima, ingawa tulicheza naye matope tukiwa watoto. Akavua kofia yake ya sufu.

"Aliyechukua aseme sasa," akasema. Akangoja. "Hasemi. Basi Jumamosi tutakaa."

Kila mtu alijua maana yake. Mtaani kwetu kitu kikipotea na mwizi akafunga mdomo, wakubwa wa nyumba wanakaa pamoja, wanavua kofia, wanatamka laana. Jina halitajwi. Inasemwa tu: aliyechukua, na anayemficha, na nyumba anamolala. Kisha kila mtu anakwenda kwake na kungoja.

Watu waliniambia, tena watu tunaokaa benchi moja kanisani: "Kama hamkuchukua, mnaogopa nini? Laana inamjua mwenyewe." Siwezi kueleza jinsi neno hilo lilivyonikera. Ninaogopa nini? Ninawaogopa ninyi! Laana ikishatamkwa, ng'ombe wa mtu akivimba tumbo ni Eunike. Mtoto akikohoa ni Eunike. Mvua ikichelewa, tembo akivunja ghala, ni ile nyumba yangu, nyumba ya Bernadina. Hakuna atakayempa tena hata redio aitengeneze. Na yote hayo kwa ajili ya shaba ambayo haikuwahi kuwepo duniani. Unaweza kumrudishia mtu kitu ulichomwibia. Kisichokuwepo utakirudishaje?

Ndipo ukaja ule moshi wa jana. Na bombani wakawa wanasogeza ndoo zao nikifika, polepole, kwa ncha ya mguu, kama vile ndoo zenyewe zimeamua.

Aliyebisha hodi kwangu wiki ile alikuwa Nashipai peke yake. Huyu ni Mmasai wa Nainokanoka, juu kule ndani ya hifadhi ambako kulima hakuruhusiwi, kwa hiyo anashuka kununua mahindi kwa ajili ya watu wa kwao. Tumeuziana na kutaniana miaka mingi. Akaingia na kibuyu chake cha maziwa, shanga zinalia, akatazama uani.

"Koko, kuna msiba? Mbona kimya hivi?" Koko ni bibi kwa lugha yao.

Nikamweleza yote. Nilidhani atasikitika. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ninyi Wambulu! Sisi ng'ombe akipotea, kabla ya kumtafuta mwizi tunauliza: alikuwa rangi gani? Pembe zilikaaje? Nani alimwona mara ya mwisho? Kama hakuna aliyemwona, basi hakuna ng'ombe, kuna mtu aliyeota ndoto. Hiyo shaba yenu nani aliiona?"

Katika kelele zile zote hakuna hata mmoja aliyeuliza hivyo, nami nikiwemo.

"Na huyu mtoto," akaongeza, akimnyooshea Eunike kibuyu, "kwa nini anakaa ndani kama mwari? Wewe, si unasema itazunguka? Izungushe, nione. Mahindi yangu sitaki ya kupigwa fimbo, yanavunjika."

"Wameifungia stoo, yeyo," Eunike akasema, akimwita mama kwa Kimasai. "Wananizingua tu. Hawataki hata niiguse."

Nilivaa viatu vya kanisani nikaenda kwa Yohani. Nilimkuta ananoa panga. Sikukaa.

"Yohani, kabla hamjafungua midomo Jumamosi, mtoto ataijaribu mbele yenu."

Akanoa kidogo, akanoa tena. "Bernadina, hiyo ni haki. Ikizunguka, tutanyamaza. Isipozunguka, tutasema."

Mtanyamaza! Mtu amwite mjukuu wangu mwizi mbele ya mtaa mzima, na malipo yake ni kunyamaza! Lakini nilimeza. Mimi najua kungoja. Maharage magumu yananijua.

Jumamosi ikafika, jua kali baada ya ukungu. Mota ilikuwa imeshafungwa kwenye fremu ya mashine ya kupukuchulia. Piusi mwenyewe ndiye aliyeirudishia chuma chake na kuifunika. Eunike akaja na bodi yake ameifunga ndani ya boksi la plastiki la kuwekea chakula, mfuniko umetobolewa kupitisha nyaya, na kompyuta ameibeba kwapani. Akawaambia watu warudi nyuma, umeme ule si wa kuchezea. Wazee wamekaa kwenye magogo upande mmoja, Yohani katikati, kofia gotini tayari. Nashipai kakaa juu ya gunia lake la mahindi, anajipepea kwa shuka.

Eunike akawasha.

Mota ikanguruma. Ikaruka mbele kidogo, ikarudi nyuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, fremu nzima inatikisika, lakini haizunguki. Alizima, akawasha tena. Yale yale.

"Ina malaria!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikapasuka.

"Mpe dawa, daktari!"

"Jiwe linacheza ngoma, basi!"

Laurencia alifunika mdomo kwa kanga, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Piusi hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeshasema. Na Yohani akasimama na kofia yake mkononi.

Nilimwona mjukuu wangu amekuwa wa rangi ya majivu. Nilitaka kwenda kumshika. Lakini alikuwa haangalii watu, alikuwa anaisikiliza ile mota, na midomo yake inasogea. Kisha akainua mkono.

"Ako, naomba kidogo. Mambo yake si mabaya. Nguvu ipo. Inavutwa kwa wakati usio wake."

Akachomoa umeme, akasubiri kidogo, akafungua mfuniko wa nyuma. Kile kisahani cha bati chenye matundu kilikuwa pale, kimekazwa vizuri.

"Baba Piusi," akauliza, kwa heshima yote, "ulipotoa hiki kisahani, uliweka alama kilipokuwa kimekaa?"

"Kisahani gani? Hicho cha bati?" Piusi akasogea, akashusha miwani. "Nilikirudisha kwenye ekseli yake. Niliona ni cha kuzuia vumbi."

"Kina matundu."

"Nikadhani ni cha kupitisha hewa."

"Ndicho kinachoiambia bodi meno yako wapi. Ukikizungusha kidogo, bodi inadhani jino liko hapa, kumbe liko pale."

Hapo nilisimama mimi. Sikupanga. Kigoda kilianguka nyuma yangu.

"Kwa hiyo," nikasema, "mlikichukua kitu nyumbani kwangu bila hodi. Mkakifungua bila kumwuliza anayekijua. Mkakiharibu. Halafu mnamcheka mtoto kwa kuharibika kwake, na mmevua kofia kumlaani! Sasa niulize mimi. Hiyo shaba iliyoibiwa, nani aliiona? Ilikuwa nene kama nini? Ilisukwa kulia au kushoto? Piusi, uliiona? Laurencia? Wewe uliyepiga yowe, uliiona?"

Kunguru alitua juu ya nguzo, tukasikia kucha zake.

"Wamesikia, koko," Nashipai akasema kutoka kwenye gunia lake. "Sasa kaa, tuone ndama."

Eunike alikuwa ameshapiga magoti. Akaunganisha waya, akaupitisha umeme mdogo kwenye koili moja tu, moja peke yake. Chuma cha katikati kikageuka kidogo kikatulia kimya.

"Baba Piusi, njoo ushike ekseli. Izungushe kwa mkono."

Piusi akashika. Akasukuma. Akaweka mguu kwenye fremu, akasukuma kwa bega. Haikuondoka. Kile chuma alichotuambia ni mifupa kilikuwa kimeshikwa na kitu asichokiona.

"Sasa achia. Nakata umeme."

Akazungusha tena, ikazunguka laini kama gurudumu la baiskeli. Nilikuwa namwangalia usoni. Mtu mzima yule, uso wake ulifunguka kama wa mtoto aliyeona treni kwa mara ya kwanza.

"Inavutwa na nje," akasema. "Yote inatoka nje."

"Ndiyo, baba."

Eunike akairudishia ile koili moja umeme, chuma kikashikwa tena, akaisoma namba ambayo kijicho kilikuwa kinaiona, akaiandika kwenye kompyuta yake, akaipeleka kwenye bodi kwa waya mwembamba. Kisahani hakukigusa. Alichofanya ni kumwambia yule jongoo mweusi kwamba dunia imesogezwa kidogo, naye ahesabu kuanzia hapo. Kisha akafunika, akawarudisha watu nyuma, akawasha.

Safari hii ilianza polepole, ikanguruma chini chini kama nyuki wakubwa ndani ya mzinga, ikapanda, ikapanda, mpaka sauti ikawa moja ndefu. Eunike akavalisha mkanda. Nashipai hakungoja kuambiwa; akamimina mahindi yake mdomoni mwa mashine. Punje zikatoka huku kama mvua ya mawe, magunzi yakarushwa kule, mekundu, matupu, yakampiga Yohani miguuni.

Vigelegele! Laurencia ndiye aliyeanza. "Mungu ni mkubwa! Binti yetu huyu! Si niliwaambia?" Na mara gunia lake likawa la kwanza kwenye foleni, sijui lilifikaje. Wale waliosogeza ndoo wakamkumbatia Eunike. Yohani akavaa kofia yake.

"Haya," akasema. "Tumenyamaza."

Jumatano mwizi, Jumamosi binti yetu, na katikati hakuna neno lolote! Piusi alichuchumaa karibu na Eunike, nikamwona anamnong'oneza sikioni, na baadaye Eunike akaniambia alisema, "Nilikosea, mwanangu, utanifundisha." Vizuri. Lakini "wamechuna" hakuisema sikioni. Aliisema akiwa amesimama juu ya tofali ili wa nyuma wamwone.

"Bibi, achana nao," Eunike akaniambia. "Si inazunguka?"

"Mota inazunguka," nikamjibu. "Watu bado."

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeshawasha, chungu cha makande kimetegwa, mara nasikia hodi. Laurencia huyo, kasimama uani na kigae mkononi, anatabasamu kwa upande mmoja.

"Bibi Eunike, umeamkaje? Nimekuja kuomba kaa."

Nilitazama mlima upande wa kwake. Moshi haukuwepo. Nikatazama kiuno chake. Kwenye pindo la kanga kulikuwa na kitu cha pembe nne, na alipojisogeza kikalia chakacha. Kiberiti.

"Leo moshi wa jana umekwisha?" nikamwuliza.

Akainamisha kichwa. "Tuyaache hayo, mama yangu. Ndiyo maana nimekuja."

"Najua kwa nini umekuja. Na kaa nitakupa, la mgunga, linalodumu." Nikashika koleo, nikachagua moja, nikaliinua, jekundu mpaka ndani. Akanyoosha kigae. Sikuliachia. "Lakini Laurencia, maneno hayakusemwa hapa uani kwangu. Yalisemwa stoo. Kuna tofali pale mlangoni. Nenda ukasimame juu yake."

"Mbele ya watu?"

"Walikuwepo mlipomwita mwizi. Hawakuwa kuku."

"Na wakinicheka?"

"Mjukuu wangu walimcheka. Yuko hai." Nikalirudisha kaa jikoni, nikaongeza kuni mbili. "Nenda tu. Moto wangu hauzimiki. Nitakungoja."

Akasimama kidogo, akakiweka kigae chake kwenye kizingiti, akaondoka bila kuaga. Sikujua kama atakwenda stoo au kwake. Nikakaa kwenye kigoda nikaendelea kukoroga. Mngurumo wa mota ulikuwa unafika mpaka kwangu, ule wa nyuki, watu walikuwa wameanza kazi mapema. Makande yakachemka, nikapunguza kuni, nikaongeza chumvi. Jua likagusa kizingiti, likafika kwenye kigae.

Kisha mngurumo ukakatika. Ukakatika ghafla, kama wa mashine iliyozimwa na gunia bado liko nusu.

Nikaacha mwiko.

Sauti ya Laurencia nikaijua hata kwa mbali, maana ni mwenyekiti, amezoea kupaza. Mwanzoni ilikuwa inayumba. "Akina mama! Njooni karibu. Na ninyi wazee. Hakuna kilichoibiwa. Hakuna! Tulimsingizia Eunike, tukamsingizia na bibi yake, tukawanyima moto. Mimi ndiye niliyeanza." Halafu sauti ya mwanamume, nzito, ya Piusi, na sikujua kwamba alikuwa amekuja leo: "Na mimi. Shaba sikuiona. Niliidhania."

Hakuna aliyecheka. Nilitega sikio vizuri, na hakuna aliyecheka.

Nikakitoa kigae cha Laurencia pale kizingitini, nikakipangusa vumbi kwa pindo la kanga, nikashika koleo na kuanza kumchagulia kaa zuri.